Kubali au Kataa

Bibi alitamani kumwona kitukuu wake, aliyezaliwa mbali, lakini programu ya simu za video ilimng'ang'ania: "Kubali."

"Bonyeza tu, Bibi. Kila mtu anabonyeza," alisema mjukuu wake, fundi cherehani.

"Mimi si kila mtu! Niliposema nakubali mara ya mwisho, nilifua soksi za mtu mpaka tukazeeka. Hiyo kampuni ya programu inataka nini kwangu?"

Mjukuu akacheka, kisha akaona haya, maana naye hakuwahi kusoma ruhusa zinazoombwa. Akasoma kwa sauti. Majina ya marafiki?

"Kataa."

Mahali ulipo?

"Kataa! Wanakuja kunitembelea?"

Kamera?

"Hiyo sawa. Mtoto nitamwonaje?"

Simu ikaunganishwa, kioo chake kikajaa kichanga anayepiga mwayo.

"Hujambo, mume wangu!" Bibi akalia kwa furaha.

Mjukuu akatoa simu yake mwenyewe, akaanza kusoma.