Kuku Waliotawanywa Igogo

Teodora hakuwa mwanamke wa kushtuliwa na chafya ya kuku. Asubuhi ile alipoisikia ikitoka bandani, nyuma ya jiko, hakupiga kelele wala hakuita jirani. Alijifunga kanga kiunoni, akaingia, akachuchumaa katikati ya kuku wake na kuanza kuwakamata mmoja mmoja.

Wengine pale Igogo wangekwisha kunoa kisu. Kuku akikohoa tu, mtaa mzima unasema mdondo, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, umeingia, na kabla jua halijapanda kila mtu ana mchuzi wa kuku jikoni na anajipongeza kwamba amewahi. Teodora alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa namna hiyo, na hayakuwa mazuri. Alitazama shingo, hakuona iliyopinda. Akatazama kinyesi, hakikuwa cha kijani. Hakuna aliyekufa. Kulikuwa na nyuso zilizovimba, macho yaliyofumba nusu, na makamasi puani yenye harufu mbaya. Akaweka sikio mgongoni kwa jogoo mpya na kusikia pumzi ikikwaruza ndani.

"Mafua," alisema peke yake, na hakuona haja ya kumuuliza mtu mwingine.

Jogoo mwenyewe ndiye aliyeyaleta. Teodora alimnunua sokoni Igoma, jogoo mrefu wa kisasa, anayetembea kwa madaha kama bwana harusi, akamtia bandani siku hiyohiyo bila kumtenga, kwa sababu alitaka majirani wamwone. Hapo alikosea, na alijiambia hivyo bila kujionea huruma. Tangu kiwanda cha nguo kilipopunguza watu na yeye akawa mmoja wao, kuku wale ndio waliokuwa kazi yake. Wenzake wengine walilia, wengine wakarudi vijijini. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akajenga banda kwenye ubavu wa jiwe nyuma ya nyumba, na sasa nusu ya mtaa ilikula mayai yake. Mtaa huo ukishajua kwamba kuku wa Teodora wamewaambukiza kuku wa wengine, hakuna atakayemnunulia yai tena. Hilo ndilo alilolihofia, kuliko hata kufiwa na kuku wawili watatu.

Alimtenga jogoo pamoja na wale waliovimba katika bafu la zamani la uani. Akang'oa magunia ambayo baba mkwe wake, Mzee Chenge, alikuwa ameyatundika bandani ili upepo wa ziwani usiwapige kuku. Hewa mle ndani ilikuwa nzito, inachoma macho kwa harufu ya samadi. Akasugua vyombo vya maji kwa majivu, akavianika juani. Kisha akaenda mjini kutafuta dawa. Miaka ile dawa za mifugo zilikuwa zimeacha kuwa kitu cha kubembelezea ofisini. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa, na mwenye fedha alihudumiwa bila kuulizwa yeye ni nani. Teodora alimweleza muuzaji dalili zote, akaikataa dawa ya kwanza aliyoletewa kwa kuwa ilikuwa ya minyoo, akaondoka na ile ya unga, ya kuchanganya na maji ya kunywa.

Aliporudi, ua ulikuwa kimya mno. Wagonjwa walikuwa bafuni wakikoroma. Madoa, kuku jike aliyekuwa akiatamia jikoni chini ya meza, alikuwa palepale, hataki kuguswa. Lakini wale wazima, wale aliowaacha wakipekua udongo bila hata chafya, hawakuwapo.

Mzee Chenge alikuwa ameketi juu ya jiwe lake karibu na mlango, fimbo mapajani, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Shikamoo, baba. Kuku wako wapi?"

"Marahaba, mama Kija. Nimewabilisa."

Teodora alilielewa neno hilo mara moja. Kwao Usukumani mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Huwakabidhi baadhi kwa marafiki wa mbali na karibu, marafiki wakanywa maziwa, naye akawa anakwenda kuwatazama. Ukame ukipiga hapa, au wezi wakiingia kule, hafilisiki. Huko ndiko kubilisa. Mzee Chenge alikuwa amechunga maisha yake yote, mpaka ukame na uzee vilipommalizia ng'ombe, na mwanawe Nkwabi, mume wa Teodora, akamleta mjini. Nkwabi mwenyewe alikuwa visiwani akinunua sangara kwa ajili ya viwanda vya minofu. Basi mzee akawageuza kuku kuwa ng'ombe wake. Aliwapa majina kwa rangi zao, na huyo Madoa alimwita kwa jina la ng'ombe wake wa mwisho.

"Nusu nimempa Paskazia wa mandazi, nusu Khalidi fundi viatu," mzee aliendelea. "Ugonjwa ukiwamaliza hawa wa bafuni, wale watakuwa wamesalimika. Nkwabi akirudi atakuta mifugo."

Teodora alikasirika. Hao wazima walikuwa wamekunywa chombo kimoja na jogoo wa Igoma. Waliondoka na mafua puani, na sasa walikuwa kwenye nyua mbili za watu, wanakunywa kwenye vyombo vya watu. Jambo alilolihofia ndilo mzee alilokwenda kulifanya, tena kwa miguu yake mwenyewe, kwa nia safi.

Lakini mkwe hamkemei baba wa mumewe, hata kama ndevu za mzee zimejaa manyoya ya kuku. Wala Teodora hakuweza kwenda mwenyewe kuwafuata. Aliyebilisa ndiye anayerudisha, na kumnyang'anya mtu mnyama siku ileile uliyomkabidhi ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Akaingia jikoni, akasonga ugali kwa nguvu ambazo ugali ule haukuzihitaji. Huku akisonga, akapata la kufanya.

Alimtengea mzee chakula, akapiga magoti kumnawisha mikono, macho chini kama inavyopasa.

"Baba, Nkwabi aliwahi kunisimulia kwamba ulipokuwa kijana ng'ombe walikohoa. Ule ugonjwa wa mapafu. Mlifanyaje?"

Hakuna aliyepata kumuuliza Mzee Chenge habari za ng'ombe akajibiwa kwa kifupi. Mzee alimega tonge, akaliacha mkononi.

"Ah, mwaka ule. Baba yangu aliziba lango la zizi kwa miiba. Hakutoka ng'ombe, hakuingia ng'ombe. Ndugu yake mwenyewe alikuja kunywesha kwenye lambo letu, akamfukuza kwa fimbo. Watu wakasema amekuwa mchawi. Lakini zizi letu lilibaki."

"Na huyo ndugu yake, baba?"

"Huyo hakuwa na akili. Alipoona wawili wanakohoa, akawachukua waliobaki akawagawa kwa marafiki zake. Kumbe kikohozi kilikuwa ndani yao tayari. Kila zizi walikoingia..."

Tonge likabaki vidoleni. Teodora hakuinua uso, ingawa kulikuwa na maneno mengi mdomoni yakisukumana kutoka. Jikoni Madoa aligeuza mayai yake, akatulia tena.

"Mama Kija," mzee alisema hatimaye, "nipe fimbo yangu. Na uje na tenga."

Kwa Paskazia mambo yalikuwa mepesi. Alikuwa na mandazi motoni tangu kuku walipofika, hakupata nafasi hata ya kuwafungua miguu. Aliwarudisha akicheka, akasema alikuwa ameanza kujiuliza atawaweka wapi. Teodora alimshukuru kwa moyo wote, wakawapeleka kwanza nyumbani, akaomba kimyakimya kwamba Khalidi naye awe amezidiwa na kazi.

Khalidi hakuwa amezidiwa. Alikuwa mtu wa heshima, na kuletewa mifugo ya Mzee Chenge alikuwa amekuona ni jambo kubwa. Aliwafungulia wageni uani, akawachanganya na kuku wake wachache, akawawekea maji kwenye sufuria ya nyumbani kwake. Alipowaona wakija na tenga tupu, uso wake ulibadilika. Kwenye benchi la kibanda chake walikuwepo wateja wakisubiri viatu na kunywa kahawa.

"Mzee Chenge," alisema kwa sauti ya chini, "amana haichukuliwi siku ileile. Watu hawa watasema Khalidi ameonekana si mwaminifu."

Teodora alifungua mdomo, lakini mzee alimzuia kwa kuinua fimbo kidogo. Kisha mzee akasema kwa sauti iliyowafikia wote benchini.

"Khalidi, uaminifu wako siutilii shaka. Nimekuletea ugonjwa. Nilidhani nakuletea amana, kumbe nakuletea mafua. Kosa ni langu."

"Jogoo niliyemleta ndiye aliyeanza," Teodora aliongeza, kwa kuwa hakutaka mzee abebe yote. "Na kila anayenunua mayai kwangu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu."

Waliwakamata kuku. Teodora alimgawia Khalidi unga wa dawa, akamwonyesha jinsi ya kuosha macho ya kuku kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, jinsi ya kumtenga anayeanza kupiga chafya, na jinsi ya kuweka sikio mgongoni asikilize pumzi. Khalidi alifuata yote. Hata hivyo kuku wake walivimba nyuso, na yule aliyempenda, kuku mweupe mtagaji, alikufa.

Nyumbani Teodora hakukosa kazi. Aliosha, akatenga, akanywesha, akabadilisha maranda, akaacha banda lipitishe hewa. Jogoo wa Igoma hakuufaidi umaarufu wake; alikufa bafuni bila kuacha kifaranga. Wengi wa wenzake wakapona. Wateja wa mayai walipunguka, kisha wakaanza kurudi, kwanza Paskazia, kisha wengine wakimfuata, maana mtu aliyekuambia mwenyewe ubaya wake huna sababu ya kumchunguza sana.

Aliyebaki mgonjwa ni Mzee Chenge. Aliacha kwenda kunywa kahawa kwenye benchi la Khalidi. Alikaa juu ya jiwe lake akitazama upande mwingine, na hakumwita kuku hata mmoja kwa jina. Teodora alimwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu.

Madoa aliangua. Alikuwa amekaa jikoni wakati wote wa mafua, hakupata kuchangamana na wagonjwa, hakupiga chafya hata moja. Vifaranga wake walipokuwa wakubwa wa kujitegemea, mzee aliamka asubuhi, akamkamata Madoa kwa mikono yake, akamweka kwenye tenga.

"Twende," alimwambia Teodora, na Teodora akalibeba tenga nyuma yake bila kuuliza.

Khalidi aliacha sindano yake. Mzee akafunua tenga.

"Huyu badala ya mweupe wako."

Khalidi alimchukua Madoa, akamtazama macho, akampapasa kifua, akaweka sikio mgongoni na kusikiliza kwa muda mrefu, kama alivyofundishwa. Kisha akamrudishia mzee mikononi.

"Simpokei."

Mzee Chenge alisimama na kuku wake.

"Kama ni malipo, simpokei," Khalidi alisema. "Rafiki hanilipi. Kama umekuja kumbilisa, mwache hapa, nami nitakula mayai. Lakini utakuja kumtazama. Mwenye ng'ombe lazima aje kutazama."

Mzee alimweka Madoa chini taratibu. Akaketi kwenye benchi, mahali pake pa zamani, akauliza kama kahawa bado ipo.

Walirudi nyumbani jua likiwa limeshapanda. Mzee alitembea mbele akiimba wimbo wa kuchungia, na alipofika uani akaelekea moja kwa moja bandani kuwaona wengine.

"Baba," Teodora aliita. Safari hii hakupiga magoti wala hakutazama chini. "Umetoka kwenye ua wenye kuku wengine. Usiingie bandani kabla hujaosha miguu."

Hakuna mkwe aliyewahi kumwamuru Mzee Chenge. Aligeuka, akamtazama. Kisha akaenda kuketi juu ya jiwe lake, akavua kandambili, akanyoosha miguu.

"Lete maji, mwanangu," alisema.