Kinachoanguka Bila Kufika

Fimbo ya chuma ilishuka kutoka mbinguni bila sauti, ikazama ardhini kama sindano inavyozama katika kitenge, na mara mji mzima ukafumuka. Cirimwami aliirudisha video nyuma kwa kidole chenye makovu ya cheche. Mji ukajengeka upya, fimbo ikapaa ilikotoka, kisha ikaanguka tena. Mafundi wenzake walikuwa wamemzunguka, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo cha simu, na hakuna aliyekumbuka lile geti lililolala katikati ya ua likisubiri kuchomelewa bawaba.

Ua ulikuwa wa Uthmani, fundi mkongwe wa mtaa wa Jabe, Bujumbura, ambaye baba yake alizaliwa mji huu ungali ukiitwa Usumbura. Uthmani alichungulia mara moja, akarudi kwenye kahawa yake.

"Kama wanataka kubomoa barabara ya Jabe, wamechelewa," alisema. "Mvua ishawatangulia."

Watu walicheka. Cirimwami hakucheka, kwa kuwa ndani ya video ile alikuwa amesikia neno alilolifahamu: wolframu. Sauti ilieleza kwamba fimbo zile, kila moja ndefu kama nguzo ya umeme, zilitengenezwa kwa wolframu, metali nzito inayostahimili moto wa kushukia angani. Hazikubeba baruti wala hazikuihitaji. Zilizunguka juu ya dunia ndani ya setilaiti, zikingoja mkubwa mmoja aamue ziachiwe, na uzito wake na kasi yake vingemaliza kazi.

Nani angemfundisha Cirimwami wolframu? Aliibeba mgongoni ng'ambo ya mpaka, katika vilima vya Kivu, yeye na mdogo wake Prodige. Yalikuwa mawe meusi yenye mng'ao wa mkaa uliolowa, na mfuko wake ulikuwa mdogo wa kuchekesha mpaka uuinue. Siku moja paa la shimo lilishuka na kilima kikabaki na Prodige. Vita vilipokuja, vilimsukuma Cirimwami pamoja na shemeji yake Mathilde na mtoto wa marehemu, Annick, hadi Bujumbura. Yeye akapata kazi ya kuchomelea Jabe, na mjane akapata kipande cha shamba la mboga Ruziba, kando ya ziwa. Matanga ya Prodige hayakuanuliwa. Ungeanza wapi kuanua matanga ya mtu ambaye hukumzika?

Lakini sasa Mathilde alikuwa amechoka. Alisema anataka kukivua kitambaa cha msiba kabla hakijamwota mwilini. Jumamosi watu wangekusanyika kwake, mchungaji angeomba, na kama ilivyo desturi ya huku, mtu wa nyumba ya marehemu angesimama kusema: huyu alikuwa nani, na aliondokaje. Mtu huyo alikuwa Cirimwami, na alikuwa akihangaika kutafuta neno lenye ukubwa wa kutosha. Aliangukiwa na udongo? Hata kuku huangukiwa na udongo. Leo neno lilikuwa limeshuka lenyewe kutoka mbinguni.

Hakuna aliyehitaji kumbembeleza aamini. Alikuwa amejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni, na alichokisoma hakikumtoka. Mpira ulipotakiwa Ulaya, mikono ilikatwa Kongo. Urani ilipotakiwa, iling'olewa Katanga na watu ambao hawakuambiwa inakwenda kuunguza mji gani. Kila zamu waliambiwa yaleyale: ni mawe tu, beba. Wajukuu wa waliobeba walikuja kujua baadaye, katika vitabu vilivyoandikwa na wajukuu wa waliobebesha. Kwa nini safari hii iwe tofauti? Kwa nini wolframu ya Prodige isiwe huko juu, imenolewa, ikitutazama?

Basi akaanza kusema. Alisema sokoni Jabe mbele ya wauza viatu, akasema kwenye foleni ya madumu kituoni pa mafuta, pale ambapo watu hawana pa kwenda na kwa hiyo husikiliza. Chuma cha ndugu zetu kimening'inia juu ya vichwa vyetu, aliwaambia, na tumekitoa wenyewe kwa mikono yetu. Alikuwa na ulimi. Watu waliinua nyuso kuangalia mawingu. Saliha, mke wa Uthmani, alimlalamikia kwamba wajukuu wake hawataki tena kucheza uani, wanashinda chini ya kitanda. Cirimwami aliitikia kwa upole, lakini moyoni alijipongeza. Angalau kuna walioanza kuogopa kinachostahili kuogopwa.

Siku mbili kabla ya kuanua matanga alikwenda Ruziba ili Mathilde ayasikie maneno kwanza. Alimkuta uani amekaa juu ya kigoda, anafunga lengalenga, mchicha wa huku, mafungu mafungu. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, limekula uzio na mstari wa migomba, na sasa lilipumua karibu na jiko. Cirimwami alisimama kama atakavyosimama Jumamosi, akasema yote: shimo, kilima, wolframu, setilaiti, fimbo, mji unaofumuka. Mathilde alifunga fungu alilokuwa nalo, akaliweka chini.

"Donc, kwa hiyo, shemeji, hizo fimbo ni zile Prodige alichimba?"

"Ni zile."

"Na zikianguka zitaua watu."

"Wengi."

"Na watoto."

Cirimwami aliitikia kwa kichwa.

"Unataka nivue hiki kitambaa mbele ya kanisa," Mathilde alisema, bila kupandisha sauti, "wakati we unawaambia watu kwamba bwana yangu alikufa akichimba kifo cha watoto wa wengine. Mi nilimupikia viazi asubuhi ile. Hakutoka nyumbani kwenda kuua mutu."

Alichukua fungu jingine. Cirimwami alibaki amesimama, mikono yake mikubwa ikining'inia kama ya mtu aliyenyang'anywa mzigo njiani. Alikuwa ametaka kumnyanyua ndugu yake kutoka chini ya udongo, na kumbe alikuwa amempakia damu.

Annick alikuwa mlangoni. Alikuwa ametembea kutoka chuo kikuu kwa sababu mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni ya mafuta, na vumbi lilimfika magotini. Alikuwa akisomea fizikia, jambo ambalo Cirimwami alilitangaza Jabe nzima ingawa hakuwahi kumwuliza lolote juu yake. Msichana alinawa miguu, akamsalimu kwa adabu, kisha akamwomba waende wote watatu mpaka maji yalipo.

Aliokota jiwe, akalitupa. Likatumbukia karibu. Akatupa jingine kwa nguvu zaidi, likafika mbali zaidi.

"Sasa baba mukubwa, fikiri mukono wangu una nguvu ya roketi. Jiwe litavuka ziwa, litavuka Kongo, litaendelea. Dunia ni mviringo. Jiwe linaanguka, na ardhi inajipinda chini yake, inalikimbia. Kila kitu kilicho kule juu kiko hivyo. Kinaanguka kila siku na hakifiki."

"Fimbo zinaachiwa," Cirimwami alisema. "Nimeona."

"Ukiiachia fimbo kule, haiendi popote. Inabaki kando ya setilaiti, zinakimbia pamoja. Ili ishuke lazima uisukume kinyume, uipunguzie mbio. Unahitaji injini. Unahitaji mafuta."

"Hata kule juu hakuna kushuka bila mafuta?"

"Hata kule."

"Wapange foleni nasi," Mathilde alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulilegea.

Cirimwami hakuwa mtu wa kukubali haraka. Aliwakumbusha vishale vya chuma vilivyowahi kumwagwa kutoka ndegeni katika vita vya zamani, vikatoboa kofia za askari bila baruti hata chembe. Annick alikubali kwamba hilo lilikuwa kweli, lakini ndege iko karibu, na hurudi nyumbani kujaza tena. Akaendelea kueleza polepole, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Setilaiti haikai juu ya mji ikiuvizia. Hupita na kwenda zake, na ungehitaji kundi zima la setilaiti ili moja iwe mahali pake saa unayoitaka. Fimbo ikiingia hewani huzungukwa na moto, na ndani ya moto ule ni vigumu kuisemesha na kuielekeza. Hewa huipokonya sehemu kubwa ya mbio zake. Ikifika chini, tani moja ya fimbo hugonga karibu sawa na tani moja ya baruti, au zaidi kidogo. Bomu la namna hiyo ndege yoyote ya vita hulibeba, wakati kuifikisha fimbo ile juu kunahitaji roketi nzito kuliko fimbo yenyewe mara nyingi sana.

"Kwa hiyo hazipo."

"Watu walizifikiria, kweli kabisa, wakakaa wakapiga hesabu. Hakuna anayejulikana kuzitengeneza."

"Walituhurumia?"

"Apana, baba mukubwa. Hazikulipa."

Cirimwami alikaa juu ya kisiki cha mgomba. Alipaswa kufurahi, maana hakuna mji utakaofumuka, lakini alichohisi ni wizi. Walikuwa wamemchukulia ndugu, na sasa walikuwa wamemchukulia hata ukubwa wa kifo chake. Kumbe hata kuuawa kwetu hupimwa kwanza kwenye mizani ya duka, na wakiona bei si nzuri hutuacha hai wakaita amani. Alitazama maji yakilamba mguu wa jiko. Alijua kuchukia fimbo ya mbinguni. Hakujua achukie nini sasa.

"Basi ilikwenda wapi?" aliuliza mwishowe. "Ile tuliyobeba."

Annick alifikiri. Nyingi, alisema, huwa ncha za kukatia chuma na za kutobolea miamba, ili watu wachimbe zaidi. Kisha akaingia ndani, akarudi na simu yake ya zamani iliyokufa, akaipasua kwa ncha ya kisu. Alitoa kijidude cha silinda, chembamba kama kipande cha kijiti, na kwenye ncha yake palikuwa na nusu ya mwezi ya chuma, ndogo kuliko punje ya mahindi.

"Hiki ndicho kinafanya simu itetemeke. Ni kizito upande mumoja, kikizunguka kinatikisa yote. Wanatafuta metali nzito sana ili kiwe kidogo hivi. Mara nyingi ni wolframu."

Alikichomoa kijimwezi na kumwekea kiganjani. Cirimwami alifumba macho. Kitu kidogo kiasi kile hakikupaswa kuwa na uzito wowote, na kilikuwa nao. Kiganja kiliutambua kabla yake, kama pua inavyoutambua moshi wa nyumbani, na bega la kushoto, lile la mfuko, likauma.

"Inaweza kuwa yake?"

"Hakuna anayeweza kujua. Wanachanganya yote."

Mathilde alikuwa ameinama kutazama. Hakuomba kukishika. Aliuliza tu kama simu zote zinacho, na Annick akamjibu kwamba karibu zote, hiki au kinachofanana nacho.

Jumamosi Ruziba kulijaa. Turubai lilifungwa kati ya mapapai mawili, viti vya plastiki vikaazimwa kanisani, kreti za Fanta zikapozwa ziwani. Kutoka Jabe walikuja Uthmani na Saliha na gunia la mchele, na nyuma yao wengi waliosikia kwamba Cirimwami atazungumza juu ya fimbo. Mchungaji aliomba. Wimbo uliisha. Cirimwami alisimama bila koti, shati lake limefungwa hadi kifungo cha shingo.

"Ndugu yangu Prodige alipenda kuimba vibaya," alianza, na waliomjua marehemu wakacheka ndani ya vitambaa vyao. "Alikufa kwa sababu paa la shimo halikuwekewa miti. Miti ilikuwepo. Ilisimama juu ya kilima kilekile, tuliiona kila tukiingia. Tuliomba siku ya kuikata. Mwenye shimo alisema hiyo ni siku ya kupoteza."

Aliwageukia waliotoka Jabe.

"Nimewaambia wengi wenu kwamba chuma chake kiko mbinguni kinatungojea. Nilikosea. Mama Saliha, watoe watoto chini ya kitanda. Hakuna kitu chake huko juu, na yeye hakumchimbia mutu kifo. Lile shimo lina mwenyewe, ana jina, na jina lake ninalijua. Nitalisema mpaka nichoke, na sijachoka. Lakini kama mnataka kujua alichochimba kiko wapi..."

Hakuwahi kumaliza. Juu ya meza ya mbele, kati ya Biblia na chupa za Fanta, simu ya Uthmani ilianza kutetemeka. Ilivuma juu ya plastiki kama nyuki aliyefungiwa koponi, ikajizungusha, ikasogea taratibu kuelekea ukingoni. Mzee Uthmani aliona haya, akanyanyuka kuizima, lakini Cirimwami alimwashiria aache. Wengine hawakuelewa kwa nini msemaji amenyamaza. Annick alielewa, akainamisha kichwa.

Mathilde aliinuka, kitambaa cha msiba kikiwa bado kichwani. Alifika mezani, akaweka kiganja chake juu ya simu. Hakuijibu wala hakuizima. Aliifunika tu, kama mtu anavyoweka mkono kifuani pa mtoto mwenye homa, na mtetemo ukampanda mkononi hadi kwenye kiwiko, wote wakauona.

Aliyekuwa akipiga hakukata tamaa upesi. Mathilde alisubiri. Ulipotulia hakuondoa mkono, na kwa ule mwingine akaanza kufungua fundo la kitambaa.