Mshipa wa Almasi

Almasi alizaa alfajiri katika banda la mabati, nyuma ya nyumba za kupangisha za Githinji huko Kawangware. Jua lilipochomoza, farasi huyo mzee alikuwa akitokwa na jasho ilhali masikio yake yalikuwa baridi, na ufizi wake ulikuwa umepauka. Mtunzaji wake, Nasipwondi, aliyekuwa amefika kwa miguu kutoka mtaa wa Soweto West, alimpigia simu Joan, daktari wa mifugo.

“Mshipa mkubwa wa kizazi umepasuka,” Joan alisema. “Damu inavuja ndani. Akitulia, huenda ikaganda na kuziba. Mwache na mtoto wake, asisogezwe hata kidogo. Akishtuka, moyo utapiga kwa nguvu na atakwisha. Niko njiani.”

Nasipwondi alitundika magunia dirishani kwa hasira ili kuzuia mwanga. Joan alikuwa amekwisha kumwonya Githinji, mwenye farasi: mishipa ya farasi aliyezaa mara nyingi huchakaa, asipandishwe tena. Githinji alimpandisha.

Sasa alikuja na mkewe, Wacera, pamoja na wapangaji wao. Wacera alipomwona mtoto wa farasi, alipiga kigelegele. Almasi akarusha kichwa.

“Mama Eugene, nyamaza! Utamuua!” Nasipwondi alimkemea Wacera.

“Uninyamazishe kwa ploti yangu? Huyo ni kijana, na kwetu kijana akizaliwa tunapiga ngemi tano. Nimepiga moja tu!”

“Hizo zingine kapigie kanisani.”

Wapangaji walicheka. Githinji hakucheka.

“Kwani iko nini?”

“Anavuja damu ndani, mzee. Daktari amesema asisogezwe.”

“Damu gani? Mimi sioni damu. Hiyo ni tumbo inamsokota. Farasi wa tumbo hutembezwa, si ni wewe ulinifundisha?”

“Nilikufundisha ya tumbo. Hii si tumbo!”

“Toka hapo mlangoni.”

Hakutoka. Githinji alimsukuma kwa bega, akaikamata kamba ya farasi. Nasipwondi naye aliishika, wakavutana, na Almasi akayumba katikati yao. Alipoona kwamba ugomvi wao unamshtua mnyama zaidi, Nasipwondi aliiachia kamba huku machozi ya ghadhabu yakimtoka.

Githinji alimtoa Almasi uani. Farasi alisimama, magoti yakamtetemeka, kisha akaanguka chini ya kamba za nguo. Mtoto wake, aliyekuwa akimfuata kwa miguu isiyokaza, alianza kutafuta titi. Almasi hakupumua tena.

Simu ya Nasipwondi ililia. “Nimefika Satellite, nakaribia,” Joan alisema. “Bado ametulia?”

Nasipwondi alimnyooshea Githinji simu.

“Mwambie.”

“Ongea wewe. Wewe ndiye mnajuana.”

“Shika, mzee! Mwambie ni nani amemtoa. Halafu umwambie mtoto hajanyonya maziwa ya kwanza, aje nayo.”

Githinji aliirudisha mikono yake nyuma. Nasipwondi aliisogeza simu mpaka ikamgusa kifuani.

“Haloo?” Joan aliita. “Haloo?”