Saa Tatu za Ziada

Mume wangu ni mtu wa kanzidata. Kampuni yao hutunza kumbukumbu za milango inayofunguliwa kwa kadi, na mmojawapo ni wa jengo ninalofanyia kazi, kwenye maabara ya meno bandia. Yeye hurudi nyumbani saa nne usiku, hoi bin taaban, mimi nimeshalala. Ndiyo maana hakuwahi kuniona nikiingia.

Jumapili moja aliwaita dada yake na shangazi yangu sebuleni, akawafungulia kompyuta.

"Kazi yao inaisha saa kumi na moja," akasema. "Kadi yake inasema anatoka saa mbili usiku. Mwezi mzima! Hizo saa tatu anakuwa wapi?"

"Nakuwa jikoni kwako," nikamjibu. "Muulize mama yako. Si ndiye ninayempikia?"

Mama mkwe tunaishi naye. Kila jioni, jua halijazama, nampakulia kwa mkono wangu mwenyewe, na akitaka chumvi naifuata mimi. Nikamkazia macho. Akajifanya anatafuta miwani.

"Mimi mtu mzima, mwanangu," akasema. "Mambo ya saa siyawezi."

Wifi yangu akaguna. Shangazi akainamisha kichwa, akaondoka bila kuaga. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani iwameze wao. Juma zima nikalala stoo kwenye mkeka, huku wifi akinipigia simu kunitukana.

Ijumaa mume wangu akarudi mapema, anacheka.

"Kumbe kosa ni langu! Kanzidata zetu nyingine zote huandika saa za kimataifa, kwa hiyo ukisoma unaongeza tatu ili upate za hapa. Ya jengo lenu tayari huandika saa za hapa, nami nikaongeza tena. Hata bosi wako anaonekana anatoka saa tatu usiku! Mama, mke wangu ni msafi!"

Nilikuwa nakunja nguo, naziweka kwenye begi.

"Ungeangalia kadi ya mtu mwingine hata mmoja, ungeligundua siku ileile," nikamwambia. "Hukuangalia. Ulishapata ulichokitaka."

Kicheko kikamkauka. Mama mkwe akanisogelea, akanishika mkono kwa huruma.

"Usiende, mwanangu. Mimi mbona siku zote nilijua huchelewi kurudi."