Koti Lililomsindikiza Sekela

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya kufungua chuo, Sekela aliota amefika getini akakataliwa kuingia.

Si mlinzi aliyemkataa. Ni geti lenyewe, geti la bati la Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Isumba. Ijumaa alipokwenda kulitazama lilikuwa kimya kama mageti mengine. Sasa lilikuwa linaongea, tena kwa sauti ya mtu aliyeamka na mafua.

"Umekuja nusu," geti lilisema.

Sekela alijitazama. Sketi ilikuwepo, viatu vilikuwepo, mikono yote ilikuwepo.

"Nimekuja mzima," alisema.

"Mwili ndio uliokuja. Akili umeiacha nyumbani. Hapa mwanafunzi anaingia na akili zake zote. Ndiyo sheria."

Hapo geti lilisema kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, mama wa binti mdogo aitwaye Subilaga. Tangu mumewe Lugano afariki aliendelea kuishi kwa wakwe zake, kwenye vilima vya Rungwe, na mwaka huu alikuwa amepata nafasi ya kusomea umeme wa majumbani. Lakini jioni ileile, wakila ndizi, alimwambia mama mkwe wake kwamba haendi tena. Mtoto anakohoa. Maharage yanangoja shambani. Na yeye atakaaje darasa moja na vijana ambao wengine aliwahi kuwabeba mgongoni? Mama mkwe hakubishana naye. Alisema tu, "Lala kwanza, mwanangu. Neno la kughairi halisemwi na mtu mwenye usingizi."

"Mtoto wangu ana kifua," Sekela aliliambia geti.

"Umemwacha na nani?"

"Na bibi yake."

"Huyo bibi anajua kulea?"

"Ndiye aliyemlea mume wangu."

"Mume wako alikuwaje?"

"Alikuwa mtu mwema sana."

"Basi kazi hiyo ina mwenyewe, na wewe unamwingilia," geti lilisema. "Iite akili yako."

Sekela anaiita. Akili inakuja mbio barabarani, matope yamefika magotini, mkono mmoja umeshika chupa ya dawa ya kifua na mwingine umeshika mwiko.

"Samahani kwa kuchelewa," akili ilisema huku ikihema. "Nilikuwa namfunika mtoto. Namfunika, namfunika tena, mpaka bibi yake akanifukuza."

Ikapanda begani, ikaingia kwa sikio la kushoto. Sekela alihisi kichwa kimekuwa kizito kidogo, kama ndoo iliyotiwa maji. Geti likafunguka.

Uwanjani hapakuwa na majengo. Palikuwa na kitanda kimoja, kikubwa kama ghala, kimetandikwa shuka la maua. Wanafunzi walikuwa wanalala kifudifudi na kuingia chini yake mmoja mmoja, wakiwa na mabegi yao mgongoni. Kijana mrefu aliyekuwa mbele yake aligeuka.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mtaka cha uvunguni."

"Sharti ainame," Sekela alijibu, kwa kuwa hilo alilijua tangu shule ya msingi. Akainama.

Uvunguni palikuwa na nafasi kama kanisani. Sakafu ya saruji, ubao mweusi, balbu moja ikining'inia kwenye chaga ya kitanda. Sekela alichagua kiti cha nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu anaweza kukaa mwaka mzima asionekane. Alipotaka kukaa, kiti kilisema, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Sekela, na kukaa.

Kiti kilisogea. Nusura aanguke.

"Unisamehe," kiti kilisema. "Siwezi kukaliwa na mtu niliyemwamkia. Najisikia vibaya. Jaribu kwa mwenzangu."

Alijaribu cha pili. Nacho kilimwamkia, kikasogea. Kila kiti alichokiendea kilikuwa na adabu kupita kiasi, na kila adabu ilimsukuma mbele, mpaka kikabaki kimoja, kiti cha mbele kabisa, chini ya balbu. Vijana wote walikuwa wanamtazama.

Kiti hicho hakikumwamkia. Kilimtazama, kikasema, "Mambo?"

Sekela alifikiri kidogo. "Poa," alisema.

"Karibu ukae."

Alikaa. Kilikuwa kiti kizuri. Kijana mrefu akaja kukaa jirani yake, akasema anaitwa Ambakisye, na kwamba na yeye viti vya nyuma vimemkataa, ila yeye vilimkatalia urefu wa miguu.

Mwalimu alikuwa nguzo ya umeme. Kwa vile uvungu haukuwa na urefu wa kuitosha, ilifundisha ikiwa imelala, na kunguru mmoja alikuwa bado amekaa kwenye waya zake. Ilianza kusema juu ya mkondo, juu ya ukinzani, juu ya fyuzi na sababu ya fyuzi kukatika, haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Sekela alishika neno la kwanza, akashika la pili, la tatu likampita, na yaliyobaki yakapita juu ya kichwa chake pamoja na kunguru.

"Mmeelewa?" nguzo iliuliza.

"Ndiyo, mwalimu!" darasa zima lilijibu, na Sekela pamoja nao.

Balbu ikazimika.

"Taa ya hapa inawashwa na ukweli," nguzo ilisema gizani, bila hasira. "Aliyeelewa aseme."

Kimya.

"Ambaye hakuelewa aseme."

Kimya vilevile.

"Basi tutakaa gizani. Mimi sina haraka. Kusimama na kulala kwangu ni mamoja."

Wanakaa. Giza linakuwa zito, mtu anaweza kuliegemea. Sekela anakumbuka darasa la zamani, kidato cha pili, jinsi alivyokuwa akiitikia "ndiyo, mwalimu" siku zote, na jinsi kila ndiyo ilivyomsogeza nyuma hatua moja, hadi siku alipojikuta yuko nje na hakuna aliyemfukuza. Anamsikia Ambakisye akipumua.

"Mimi sijaelewa," alisema Sekela.

Uzi wa balbu ukawa mwekundu kidogo, kama kaa la moto ndani ya majivu.

"Hata mimi, dada," Ambakisye alisema.

"Na mimi!" sauti ya nyuma ilisema. Halafu nyingine, na nyingine, mpaka uvungu mzima ukawa mweupe na mtu angeweza kuokota sindano.

"Ahsante," nguzo ilimwambia Sekela. "Umeniwashia darasa. Tunaanza upya, polepole."

Katika maisha yake hapakuwa na mwalimu aliyewahi kumshukuru kwa kutoelewa. Alitaka kujibu kitu, lakini ubao ulikuwa umegeuka mvua.

Sasa yuko njiani, kwenye migomba, anarudi nyumbani. Viatu ameshika mkononi. Mbele yake kuna koti linatembea.

Lilikuwa koti zito la rangi ya kaki, mikono imefungwa nyuma, ndani hamna mtu. Sekela alilijua mara moja. Lilikuwa koti la Mzee Anyosisye, baba mkwe wake. Akaruka pembeni, akajifunika uso kwa kanga na kujibanza kwenye mgomba, kwa sababu katika ukoo ule mwiko wa wakwe ulikuwa bado unashikwa. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakutani naye njiani. Tangu aolewe alikuwa anamjua mzee yule kwa kikohozi chake na kwa mlio wa panga lake, na maneno yote kati yao yalipita kwa mama mkwe.

"Rudi njiani, utalowa," koti lilisema bila kugeuka.

"Siwezi. Wewe ni mkwe."

"Mimi ni koti. Mkwe amelala, anakoroma. Humsikii?"

Sekela alisikiliza. Kweli, mbali upande wa nyumbani, mtu alikuwa anakoroma. Akarudi njiani, akafuata nyuma.

"Nani alisema uende chuo?" koti liliuliza.

"Mama."

"Mama alileta neno. Neno lilikuwa la mwenye koti. Siku ile ulipofungua pasi ya jirani iliyokufa, ukaifunga ikapata moto, yeye alikuwa nyuma ya migomba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuutua mpaka ulipomaliza. Na ndugu walipokuja baada ya msiba, wakasema mjane arudishwe kwao, unajua aliwajibu nini?"

"Sikuambiwa."

"Alisema, 'Huyu ni mtoto wangu. Na mtoto wangu ana akili, atasoma.' Ndugu wakanywa chai wakaondoka. Nilikuwepo. Nilikuwa mabegani mwake."

Sekela alikaza mwendo, akalikaribia koti. Miaka yote hiyo alidhani amebakizwa pale kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

"Nitamshukuruje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?" aliuliza.

Koti liligeuka. Lilisema, "Shavuni umeficha nini? Limevimba upande mmoja."

"Swali."

"La nani?"

"Langu. La tangu utotoni. Niliogopa kuchekwa."

"Litoe."

Sekela alilitema kiganjani. Lilikuwa dogo na lenye joto, kama yai la kuku mgeni wa kutaga. Akalisema kwa sauti kwa mara ya kwanza: "Umeme ukikatika ghafla, ule uliokuwa tayari njiani, ambao haujafika bado, unakwenda wapi?"

Koti lilisimama. Maji yalichuruzika kwenye mikono yake mitupu.

"Mimi ni koti, sijui," lilisema mwishowe. "Lakini hili nitampelekea mwenyewe. Atalipenda." Likalichukua swali, likalitia mfuko wa ndani, likaingia migombani.

"Na shukrani?" Sekela aliita.

"Lete jibu," koti lilisema kutoka kwenye majani. "Inatosha."

Aliamka. Jogoo wa jirani alikuwa anawika. Subilaga alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anapumua vizuri, na kikohozi hakikusikika. Sekela alivaa, akatoka kwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa ameshawasha moto, anakoroga uji.

"Ugonile, mama. Mmeamkaje?"

"Nimeamka, lakini kulala sijalala," mama mkwe alisema. "Baba yenu kanisumbua. Ameshtuka alfajiri, akakaa kitandani kama mtu aliyeitwa. Eti ananiuliza mimi, mimi niliyeishia darasa la nne! Eti umeme ukikatika ghafla, ule uliokuwa njiani, haujafika bado, unakwenda wapi?"

Sekela alishika mlango.

"Nikamwambia, mzee, lala, umeme wenyewe tumeuona juzi. Akasema hapana. Akasema mtu wa kujibu hilo ni Sekela, akitoka chuoni." Mama mkwe alionja uji, akaongeza kuni. "Maswali ya namna hiyo ameyatoa wapi, mtu wa ng'ombe?"

Swali lile Sekela hakuwahi kumwambia mtu. Hata Lugano hakuwahi kumwambia.

Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, panga lililokuwa likikata majani lilikuwa limenyamaza.

Sekela aligeuza uso upande wa ukuta, kama mwiko unavyotaka. Kisha akapiga magoti palepale mlangoni, mgongo ukiwa umeelekea migombani, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kumfikia mtu aliyekuwa karibu yake na mwiko mkononi.

"Mama, mwambieni baba, ndaga fijo. Mwambieni nashukuru kwa yote, ninayoyajua na nisiyoyajua. Jibu bado sina. Mwambieni ndilo ninalolifuata leo."

Migombani mtu alikohoa. Panga likaanza tena kukata.

Mama mkwe hakuhangaika kupeleka neno lolote. Alimimina uji kikombeni, akakisukuma mbele ya Sekela.

"Kunywa upesi," alisema. "Viatu vyako nimeshavipangusa, viko hapo nje."