Mafua ya Tundu Moja

Bi Khamisa wa kisiwa cha Koyama alizaliwa na pua ndefu, akaishi miaka yake yote akiwatazama watu kwa juu yake. Watu wa Chula, kisiwa cha jirani, kwake walikuwa washamba. Wa Kismayo walikuwa waongo. Wa Darakasi ndio usiseme, maana huko ndiko alikotoka Layla, mke wa mwanawe, na kisiwa kizima kilikuwa kimeumbwa ili kumletea yeye udhia. Hata vita vilipowakusanya wote katika kambi moja nje ya Mombasa, wakilala chini ya turubai za rangi moja na kupanga foleni moja ya maharagwe, yeye alisimama foleni kana kwamba amekuja kuikagua.

Kitu kimoja tu kilimpungukia, nacho ni kipini. Kilikuwa kipini cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama, alichovishwa puani alipovunja ungo na ambacho hakuwahi kukivua hata kwa kuoga. Alikivua siku ya kukimbia. Wenye bunduki walikuwa wamekwisha kufika visiwani, na habari zilitangulia kwamba mwanamke asiyevua dhahabu yake upesi huchanwa pua. Bi Khamisa akakifunga kwenye ncha ya leso ya mjukuu wake Tima, mtoto wa miaka minne, kwa hoja kwamba hata jambazi hampekui mtoto. Hoja ilikuwa nzuri. Mashua yao iliposimamishwa, wakubwa wote waliamrishwa wainamishe vichwa, ikapekuliwa hadi masufuria yakachukuliwa, na leso ya Tima haikuguswa. Ila walipoteremka Mombasa, fundo lilikuwa limefunguka na kipini hakipo.

Tima alikuwa amesafiri mapajani mwa mama yake. Na wakubwa waliojua siri ya fundo ni wawili tu, mkwe na mkaza mwana. Bi Khamisa hakuhitaji kadhi.

"Mchu wa Darakasi," alitangaza mbele ya majirani kwa lahaja ya kwao, ambamo mtu huitwa mchu na maji mayi, "hata mayi ya kutawadhia huiba."

Layla aliapa, akashika na msahafu. Bi Khamisa akasema hakuna aapaye vizuri kama mwizi. Tangu siku hiyo hakula tena chakula kilichopikwa na Layla, isipokuwa akiwa na njaa sana, na njaa kambini ilikuwa haikosekani.

Kisha Tima akaanza kunuka. Yalianza kama makamasi tu, yakawa ya kijani, yakaingia damudamu, na harufu yake ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa ndani ya mtungi. Watoto wenzake walimkimbia. Bi Khamisa, aliyekuwa akilala naye jamvi moja, alimrudisha kwa mama yake na kuanza kusema naye ameziba pua kwa leso. "Uchafu wa mamake," alisema. Mtoto mwenyewe alimpenda nyanya yake mapenzi ya kipumbavu. Alikuwa akikaa mlangoni kwake, amejifunga leso kama yeye, anabinua mdomo kama yeye, anangoja kuitwa. Hakuitwa.

Dawa hazikukosekana. Bi Khamisa alimtia mafuta ya papa puani, harufu zikawa mbili. Akamfukiza ubani, mtoto akapaliwa na kukohoa, na kwa kile kikohozi bibi akapata jawabu: kimio. Kwao mtoto akikohoa, akitapika au akikataa uji, kosa ni la kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na dawa yake ni kukikata. Fundi Abdulqadir, aliyekata nusu ya makoo ya Kismayo, alikuwapo kambini pamoja na kisu chake kilichopinda. Alimkandamiza Tima ulimi kwa mpini wa kijiko, akatazama kooni, wala hakujisumbua kutazama puani.

"Kimeshuka," akasema. "Alhamisi asubuhi nitakikata."

Mtu anayekula kwa kukata hajapata kuona kimio ambacho hakijashuka. Bi Khamisa aliridhika, na kwa kuwa siku za kumaliza mambo zilikuwa zimefika, akamwita na mwanawe. Mzamil alikuwa mwanamume wa ndevu, lakini mbele ya mama yake alilegea kama pweza aliyekwisha kupigwa mwambani. Mama akamwambia kipini kisiporudi, Ijumaa baada ya swala amwache Layla, na Tima abaki kwa nyanya yake alelewe na watu.

"Haya, mama," akasema Mzamil. Layla alikuwa hapo hapo, akichambua maharagwe. Mumewe hakumtazama.

Alhamisi asubuhi fundi alikuja na kisu chake, akakuta jamvi tupu. Bi Khamisa, alipoambiwa na jirani alikoelekea Layla na mtoto, alitoka na leso begani hadi zahanati ya kambi, akawapita watu wote wa foleni, akaingia kwa tabibu bila hodi.

"Nipa mwana!" alimfokea Layla. "Fundi mekuya, yuko angoya!"

Tabibu, Mkenya mnene mwenye macho ya usingizi, alikuwa amemweka Tima kwenye meza. "Fundi wa nini?"

"Wa kimio."

"Kimio kimefanya nini?"

"Chanuka."

Tabibu alimtazama kama mtu anavyotazama nzi ndani ya chai. Kisha akamgeukia Layla. "Harufu inatoka matundu yote mawili?"

"La kulia tu," akasema Layla. "Nalisema tangu mwanzo. Hapana mchu alonisikia."

"Mafua hayachagui tundu," akasema tabibu. "Mtoto mdogo akinuka tundu moja, kuna kitu amekitia. Nimetoa harage, nimetoa kifungo, nimetoa sponji la godoro. Na ninyi mlitaka kumkata koo! Muuguzi wangu hayupo. Wewe bibi mwenye haraka, shika kichwa."

Bi Khamisa ilibidi aishushe leso aliyozibia pua, maana kichwa hushikwa kwa mikono miwili. Layla alimviringisha mtoto ndani ya shuka, mikono ikiwa ndani, akamkumbatia. Tabibu akatia matone ya kupunguza uvimbe, akangoja, akawasha tochi ya kichwani, akapitisha kindoana chembamba juu ya kile kitu hadi nyuma yake, kisha akakivuta mbele polepole. Tima alipiga kelele zilizotikisa mabati. Usaha ukatoka, damu ikafuata, halafu kitu kikadondoka kwenye bakuli kikalia *ting*.

Tabibu alikisuza. Kiling'aa.

"Cha nyanya," akasema Tima kwa kwikwi. "Nimevaa kana nyanya."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa walipokuwa wameinamisha vichwa mle mashuani, mtoto alifungua fundo lake, akakivaa kipini ili apendeze kama nyanya yake, na kwa kuwa hakuwa ametobolewa pua alitumia tundu alilopewa na Mungu. Kisha akasikia mwizi anavyotukanwa, akanyamaza kwa woga.

Bi Khamisa alisikia aibu, na haikuwa aibu ya kawaida. Akatafuta neno la kusema, akapata lile alilolizoea. "Nipe."

Layla alikichukua kutoka kwenye bakuli, akamtilia mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Kipini chako hicho, mama. Na Mzamil mwambie kesho baada ya swala namngoja, kana alivyoahidi. Asisahau."

"Ya nini tena, mwanangu? Si kimeonekana?"

"Kimeonekana. Na nyinyi mumeonekana."

Akambeba Tima begani. Damu ya puani ililowesha ushungi wake, wala hakuifuta. Mtoto alimpungia nyanya yake mkono mpaka walipopinda kwenye kona ya mabati.

Tabibu akaita mgonjwa mwingine. Bi Khamisa akatoka akipita kando ya foleni aliyoiruka, ngumi ameifumba, na harufu ikamfuata, maana kipini kilikuwa kimesuzwa tu, hakijaoshwa. Mwanamke mmoja wa Chula alijivuta kando ili ampishe, akaziba pua kwa leso.