Komeo Hataki Kuagwa

Jina la Komeo alipewa na mashabiki enzi zile alipokuwa beki wa kati wa timu ya wanawake ya mji wao, kwa sababu ukishafika kwake mlango umefungwa: ama urudi ulikotoka, ama ukae hapo hapo. Lilimganda hata nje ya uwanja. Mumewe, fundi friji mwenye maneno machache, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza, na kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako sasa alikuwa akipiga pasi mashuka kutwa, wauguzi wapya walimwita Komeo bila kujua jina limetoka wapi. Alikuwa na miaka thelathini na saba, binti mmoja anayekaribia kumaliza shule, na goti la kulia lenye kovu refu kama mkia wa mjusi.

Goti hilo ndilo lililomtoa kwenye timu. Misimu miwili nyuma alianguka vibaya akigombania mpira wa kona, akafanyiwa upasuaji, na viongozi wakaja wodini na matunda na ahadi. Matunda yaliliwa. Ahadi hazikuonekana tena. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyempigia hata simu. Alijifunza kutembea upya kwa kupanda na kushuka ngazi za hospitali kila alipomaliza kazi, kwanza akishika ukuta, kisha bila ukuta, mwisho mbio, akibeba bunda la mashuka kifuani. Alipojiona yuko sawa akaanza kucheza mechi za jioni na wanaume wa gereji ya jirani. Mwanzoni walimwonea huruma. Waliacha wenyewe, maana kila aliyemwonea huruma alijikuta hana mpira.

Basi ikatokea kwamba yule msichana aliyechukua nafasi yake kwenye timu alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na ngome ikabaki wazi kama ua lisilo na mlango. Timu ikafungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa tena nyumbani, nne kwa bila, hadi ikawa inachungulia shimo la kushuka daraja. Kocha, mwanamke aliyewahi kucheza pembeni mwa Komeo miaka mingi, akasema wazi mbele ya kamati kwamba dirisha la usajili halijafungwa na kwamba anamtaka Komeo arudi. Kamati ikagawanyika. Kuna waliosema umri umemtupa mkono. Kuna waliosema mashabiki watafurahi. Na katibu wa kamati hiyo, aliyekaa kimya muda wote, alikuwa dada mkubwa wa mume wake Komeo.

Wifi huyo alifika nyumbani siku ya pili yake mchana. Hakubisha hodi sana. Akaingia jikoni, akafunua sufuria kuona kumepikwa nini, akasema chumvi itakuwa imezidi, haki yake kama wifi mtu, kisha akavuta kigoda akakaa. Komeo alikuwa anakata vitunguu. Alijua kabisa kwamba ugeni huu haukuja kwa ajili ya chumvi.

Wifi alizunguka kidogo, akauliza habari za binti, akauliza friji za mdogo wake zinapona au zinazidi kuugua, mpaka akafika alipokusudia. Alitaka Komeo ampigie kocha simu na kumwambia kwamba ameshukuru lakini hayuko tayari. Alisema ingekuwa vizuri kwa kila mtu. Kamati isingegombana, kocha asingeaibika, na Komeo mwenyewe angebaki na jina lake safi, watu wakimkumbuka vile alivyokuwa.

"Yaani nijikatae mwenyewe," Komeo alisema.

"Uitunze heshima yako, wifi."

"Heshima yangu haina ugonjwa. Kama kamati hainitaki, iseme hainitaki. Mimi siwezi kuwasaidia kazi hiyo."

Wifi akaifunika tena ile sufuria. Alipoanza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Komeo akaacha kukata vitunguu.

"Siku ile ya upasuaji wewe ulikuwa umelala," wifi alisema. "Daktari alipotoka, mimi ndiye niliyekuwa pale mlangoni. Aliniambia kukimbia usahau, na kutembea tutaona. Mimi ndiye niliyekaa na maneno hayo usiku kucha nikikutazama, nikijiuliza nitamwambiaje mdogo wangu. Wewe unalikumbuka goti. Mimi nakumbuka uso wako ulipojaribu kusimama. Sitaki kuuona tena uso ule."

Komeo hakuwa amewahi kuyasikia haya. Yalimwingia. Kwa miaka miwili alidhani wifi alikaa kimya kwenye kamati kwa kuogopa kupoteza kiti chake, na alikuwa amemwekea kinyongo kidogo, kile cha kutomkaribisha chai mara ya pili. Alifuta mikono, akakaa chini kumkabili.

"Daktari huyo huyo nakutana naye kwenye ngazi kila siku," alisema. "Yeye anahema. Mimi sihemi. Wifi, nakushukuru, Mungu anajua. Lakini uso ule ni wangu, na goti ni langu. Mkitaka kunikataa, nikataeni nikiwatazama."

Wifi aliondoka bila kula, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa habari kubwa. Jioni mume aliporudi akaelezwa yote. Alisikiliza huku akivua viatu. Komeo akamuuliza kama na yeye anaogopa.

"Naogopa tangu nilipokuoa," mume alisema. "Sijaona kama imewahi kukuzuia."

Kamati ilikutana kwenye chumba chake juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali penye viti vya plastiki, kabati la vikombe vilivyopata vumbi na feni iliyozunguka ikipiga kelele kuliko upepo wake. Komeo hakualikwa. Alipanda tu ngazi akiwa bado na aproni ya kazini, akagonga, akaingia. Kocha aliinama kuficha tabasamu. Wifi alitazama dirishani.

Mwenyekiti, mwenye duka la dawa na ulimi laini kama sabuni, hakuonyesha kukasirika. Alimvutia kiti. Akamsifu sana: alivyoibeba timu, alivyowafundisha mabinti nidhamu, alivyokuwa mfano. Kisha akaeleza kwamba uongozi umefikiria jambo zuri zaidi kuliko usajili, nalo ni mechi ya kumuaga. Angeingia uwanjani dakika chache, watu wangepiga makofi, angevishwa shada la maua, binti yake angepiga naye picha. Jezi yake ingetundikwa hapo ukutani, karibu na vikombe.

Komeo alimwacha amalize. Feni ilizunguka. Wajumbe wawili walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, kama watu waliokwisha kuona picha zenyewe.

"Mnaniaga naenda wapi?" aliuliza.

Wale wajumbe wawili wakaacha kutikisa vichwa.

"Mimi sijaomba kuagwa. Mkataba ulipokwisha ndipo mlipotakiwa kuniaga, na hamkupiga hata simu. Sasa nimepona, ndiyo mnaleta maua. Shada hilo liwekeni. Kesho mna mazoezi. Nipangeni na kikosi cha pili dhidi ya kikosi cha kwanza, mje wote mtazame. Nikishindwa, nitawaaga mimi, na hamtahitaji kununua hata ua moja."

Mwenyekiti alicheka taratibu, akiamini amepewa njia rahisi ya kutokea. Akakubali.

Kesho yake uwanja wa mazoezi ulikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Habari zilikuwa zimetembea. Wauguzi waliokuwa na nafasi walikuja, mafundi wa gereji walifunga kazi mapema, na binti yake Komeo alisimama nyuma ya goli na baba yake. Wajumbe walikaa kwenye benchi moja. Wifi alikaa mwisho kabisa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Kikosi cha kwanza kilikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Radi, msichana wa miaka ishirini mwenye mbio za kutisha, na Radi hakuwa na habari na majina ya zamani. Mpira wa kwanza alioupata, alimwendea Komeo moja kwa moja, akasukuma mpira upande huu, akapita upande ule. Komeo aligeuka akakuta vumbi. Goli. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka, na mwenyekiti akatazama saa yake.

Komeo alirudi mahali pake akiwa na hasira. Hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kukubali kushindana mbio na mtoto. Akawatazama mabeki wenzake wa kikosi cha pili, wasichana waliokuwa wanamtazama kwa huruma, akaanza kuwaamrisha. Wewe sogea ndani. Wewe usimfuate, mwache aje. Kaa hapo, hapo hapo, usitoke mpaka niseme. Sauti yake ilikuwa imekaa kimya misimu miwili na sasa ilitoka yote. Mstari wa nyuma ukaanza kwenda mbele na kurudi kwa pamoja. Radi akanaswa kwenye kuotea mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akaanza kumlalamikia kocha. Alipoacha kusubiri mpira nyuma ya mabeki na kuja kuuchukua mwenyewe, alimkuta Komeo amekwisha fika. Safari hii Komeo hakukimbia. Aliweka mguu mmoja tu, akachukua mpira, akaupeleka mbali.

Kisha ikaja kona. Wakaruka wote wawili, wakagongana hewani, na Komeo akaanguka juu ya goti lile lile. Wauguzi wakasogea hadi kwenye mstari wa uwanja. Alilala kifudifudi, majani puani, maumivu yakipanda hadi kiunoni, na kwa muda alikuwa tena kwenye siku ile ya zamani, akisubiri kusikia kitu kilichokatika. Alisikiliza. Ndani ya goti hakukuwa na kilichokatika. Palikuwa panauma tu, na kuuma alikuzoea. Alipoinua kichwa aliona wifi amesimama kwenye benchi, mkoba umeanguka chini, mikono mdomoni. Radi alikuwa amemwinamia akimwomba radhi na kumnyooshea mkono.

Komeo hakuushika ule mkono. Aliinuka mwenyewe, akakunja goti, akalinyoosha, akachuchumaa mbele ya kila mtu akainuka tena.

"Kona nyingine ije," alisema.

Ikaja, na akaipiga kichwa hadi katikati ya uwanja. Mchezo ulikwisha bila goli jingine.

Kamati ilitaka kurudi kule juu ya duka kupiga kura. Komeo akawaambia wapige hapo hapo, yeye akiwa amesimama mbele yao, jasho likimtiririka. Mwenyekiti hakupenda lakini watu walikuwa wengi. Akanyoosha mkono kukataa, na mwingine akamfuata. Wawili wakakubali. Akabaki wifi.

Wifi aliokota mkoba wake kwanza, akaufuta vumbi polepole.

"Mimi sitaki acheze," alisema. "Leo nimezeeka miaka kumi nikiwa nimekaa hapa. Lakini sikuulizwa ninachotaka. Nimeulizwa kama anaweza, na anaweza. Msajilini." Kisha akamgeukia Komeo. "Na ukiumia tena, usinitafute."

"Nitakutafuta wewe wa kwanza," Komeo alisema, na wifi akalia hapo hapo bila kujificha.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini. Ngome ilitulia kipindi kizima cha kwanza, lakini kipindi cha pili ikapigwa krosi chafu, Komeo akanyoosha mguu kuiondoa, mpira ukamgonga kisigino ukaingia kwenye lango lake mwenyewe. Jukwaa likalipuka. Mwanamume mmoja wa upande wa wenyeji, mwenye kifua cha kupiga kelele, akampigia ukelele aende nyumbani akalee wajukuu. Komeo alikuwa anauokota mpira nyavuni. Akasimama karibu na uzio akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Wajukuu bado, kaka," alisema. "Wakija nitawaleta hapa hapa, wakukute bado unapiga kelele."

Waliokaa karibu na yule bwana wakamcheka hadi akakaa. Komeo akaurudisha mpira katikati, akaendelea kuwapanga wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Walifungwa hiyo moja, basi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mabinti waliinamisha vichwa, na Radi akawa wa kwanza kuja kukaa karibu naye, akimuuliza mtu anajuaje mapema mpira utaangukia wapi. Komeo akaanza kumwonyesha kwa kupanga viatu sakafuni.

Mwenyekiti alikuja baadaye akimtafuta kocha pembeni. Alisema sasa kila mtu ameona, mechi ijayo huyu mama akae benchi. Kocha akamjibu kwamba wiki iliyopita walifungwa nne, leo moja, na kama anataka kupanga kikosi avue suti avae njumu. Mambo yakaishia hapo. Timu ilishinda iliyofuata, ikatoka sare nyingine, na hadi msimu unakwisha ilikuwa imekwisha kupanda pale ambapo hakuna anayezungumzia kushuka.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile ya kujifunga alirudi nyumbani giza halijaingia vizuri, akakuta wifi amefika kabla yake na amejaza beseni barafu kutoka kwenye friji ya mteja, fundi mwenyewe akilalamika kwa sauti ya chini. Komeo alitumbukiza mguu, akauma meno. Wifi alilitazama goti lilivyovimba, akaguna, akatoa mkobani karatasi ya majina ya kikosi anayoijaza kama katibu, akauliza kama kweli Jumamosi anakusudia kucheza tena.

"Niandike," Komeo alisema. "Tena niandike wa kwanza."